Sura ya 7: Laini ya Mgeni, Laini ya Mwenyeji

Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, barabara hupita kwenye nyanda za juu za Iramba, kisha hufika ukingoni mwa Sekenke na kuanza kuteremka. Chini kunakungoja bonde la Wembere, tambarare pana ya majani, ng'ombe na maji ya msimu. Ni sehemu ambayo abiria huanza kutazama vijiti vya mtandao kwenye simu zao.

Wachukue abiria wawili wa kiti kimoja, wenye simu za aina moja, vile vitochi vya Nokia vilivyokataa kufa. Mmoja ni mkazi wa Kiomboi. Mwingine ametoka Nairobi kununua vitunguu katika soko la Misuna, na hajabadilisha laini yake ya Kenya. Basi likiingia mahali ambapo mnara pekee unaofika ni wa kampuni moja, na kampuni hiyo siyo ya huyu wa Kiomboi, simu yake itamwambia kwamba anaweza kupiga simu za dharura tu. Simu ya mgeni, kama kampuni ya Nairobi ina mkataba na wenye mnara ule, itaita kama kawaida.

Mtu amezaliwa hapo, analima alizeti hapo, kodi yake inachangia mawasiliano ya vijijini, na bado anakosa mtandao ambao mgeni anaupata. Sura hii inaeleza jambo hilo linavyotokea, na kipi kati yake kinaweza kurekebishwa kwa kidole chako kwenye menyu ya simu kuukuu. Kuna sehemu kidole hakiifikii, na hiyo pia nitaisema.

Jina la jambo lenyewe ni rominga: laini ya kampuni moja kuhudumiwa na minara ya kampuni nyingine. Wengi wetu tunalijua kwa safari za nje ya nchi, pale ambapo salio huyeyuka bila kuaga. Lakini ndani ya simu hakuna tofauti kubwa kati ya kuvuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda na kuteremka Sekenke. Kazi ni ileile, na Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 inaijua vizuri sawa na simu janja ya leo.

Kila laini imebeba namba ya siri yake, tofauti na ile unayowapa watu. Tarakimu tatu za mwanzo zinataja nchi. Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Burundi 642, Rwanda 635. Zinazofuata zinataja kampuni: 04 ni Vodacom, 05 ni Airtel, 02 ni ile iliyoitwa Tigo na sasa Yas, 09 ni Halotel, 07 ni TTCL. Kila mnara nao hutangaza namba yake hewani muda wote. Simu ikiwashwa huanza kuutafuta mtandao ilioutumia mara ya mwisho. Usipopatikana, hutafuta wa nyumbani, yaani ule ambao namba yake inalingana na laini. Ukikosekana na huo, husoma orodha ya mitandao rafiki ambayo kampuni iliandika ndani ya laini kabla hujainunua. Hapo ndipo huanza kubisha hodi kwa yeyote mwenye mawimbi ya kutosha.

Kubisha hodi ni mazungumzo halisi. Simu hupeleka namba ya laini kwa mnara mgeni, na mtandao ule huuliza makao makuu ya kampuni yako: huyu ni wenu, tumpokee? Kukiwa na mkataba, jibu huja ndiyo, na jina la mwenyeji hutokea kwenye kioo. Pasipokuwa na mkataba, simu hukataliwa, na huo ndio mwanzo wa yale maandishi ya dharura tu.

Jina hilo la kwenye kioo limewachanganya wengi. Simu kuukuu hubeba kumbukumbu yake ya majina, iliyowekwa kiwandani. Ukifungua orodha ya mitandao kwenye simu ya miaka ya 2000, unaweza kuiona Celtel hadi leo, ingawa kampuni hiyo iligeuka kuwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Na kwa kuwa Halotel ilianza kutoa huduma mwaka 2015, simu iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuandika 640 09 bila jina lolote. Watu huona tarakimu hizo wakadhani simu imeharibika, au kuna mtandao wa ajabu unaowanasa. Simu ni nzima. Imeonyesha namba kwa sababu jina halijui.

Sasa tuingie kwenye menyu. Katika vitochi vya Nokia, sehemu hii iko chini ya mipangilio, kisha mipangilio ya simu, kisha uchaguzi wa mtandao. Kwenye Tecno na Itel za vitufe iko karibu na mipangilio ya laini. Kwenye simu janja za zamani iko chini ya mitandao ya simu. Popote ilipo, inakupa njia mbili: simu ijichagulie yenyewe, au uchague wewe kwa mkono.

Ikijichagulia yenyewe, itafuata ule utaratibu niliousema. Ukichagua kwa mkono, simu huzunguka hewani, wakati mwingine kwa dakika nzima au zaidi, kisha hukuletea orodha ya mitandao yote inayoisikia. Ukigusa mmoja, umeifunga simu hapo. Mtandao huo ukikatika, simu hukaa ukiwani ikiusubiri urudi, hata kama mwingine uko jirani na ungeipokea.

Kufungwa huko ndiko chanzo cha ugonjwa mmoja ambao mafundi wa njia hii ya malori wanaujua sana. Barabara inayopita Manyoni, Singida na Sekenke ndiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Dereva akiwa Rwanda, laini yake ya Tanzania inarukaruka kati ya mitandao miwili ya huko, mmoja ghali na mwingine nafuu. Mtu anamwonyesha namna ya kuchagua ule wa nafuu kwa mkono. Anafanya hivyo, anafurahi, anashusha mzigo, anageuza gari. Akifika Tanzania simu haisomi. Anaizima, anaiwasha, anatoa betri, anapuliza laini. Anafika Singida na kumwendea fundi.

"Fundi, simu imekufa njiani."

"Haijafa, kaka. Bado inatafuta mnara wa Kigali."

Fundi mwaminifu atarudisha uchaguzi kwenye kujichagulia na kumwachia dereva simu yake. Asiye mwaminifu atafungua kifuniko na kutoza pesa ya kioo. Ndiyo maana naona kila mwenye simu, na hasa mzee mwenye kitochi ambacho mjukuu ndiye aliyekipanga, anapaswa kukijua kipengele hiki kimoja kabla ya vingine vyote.

Ushauri wangu ni huu: acha simu ijichagulie yenyewe, isipokuwa katika hali mbili. Ya kwanza ni mpakani. Ukikaa Ngara, Namanga au Tunduma, mnara wa ng'ambo unaweza kukufikia kwa nguvu kuliko wa nyumbani, nayo simu ikishapokewa na nchi nyingine mara nyingi haina haraka ya kurudi; itaung'ang'ania mnara ule mpaka mawimbi yaishe. Huko ifunge kwa mkono kwenye mtandao wako. Ya pili ni pale unapojua kwa hakika kwamba kuna mwenyeji mwenye mkataba na kampuni yako, na simu haimtaki. Hali hii ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu wengi hukwama bila kujua.

Simu ikibisha hodi na kuambiwa kwamba laini yake hairuhusiwi katika mtandao ule, haiondoki hivihivi. Huandika namba ya mtandao huo katika orodha ya waliokataa, na orodha hiyo hukaa ndani ya laini yenyewe. Tangu hapo, ikiwa inajichagulia, haitagonga tena mlango huo. Ni utaratibu wa busara, maana simu inayogonga milango iliyofungwa kila dakika ingemaliza chaji kabla ya adhuhuri. Orodha hiyo ina nafasi 4. Akija wa 5, wa zamani zaidi hufutwa. Sasa hesabu: kampuni za simu zinazotumiwa na Watanzania wengi leo ni Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL. Ukiondoa yako, zinabaki 4. Laini iliyozunguka miaka kadhaa vijijini Mkalama, Ikungi au Itigi inaweza kuwa imeshawaandika majirani wote wanne kuwa ni wakataaji.

Siku kampuni yako itakapotia saini mkataba na jirani mmojawapo, mlango utafunguliwa, lakini simu yako haitajua. Utasikia kwenye redio kwamba huduma imeanza, utaangalia kioo, utaona dharura tu. Kununua simu mpya hakutasaidia, kwa kuwa orodha iko kwenye laini na itahamia nayo. Dawa ni kwenda kwenye uchaguzi wa mkono, kusubiri orodha, na kumgusa jirani huyo mara moja. Akikupokea, jina lake linafutwa kati ya wakataaji. Kisha rudisha simu kwenye kujichagulia. Ukifanya hivyo, mtandao wako wa nyumbani hausahauliki: simu iliyopokewa na jirani ndani ya nchi yake hutazama mara kwa mara kama mnara wa nyumbani umerudi. Muda kati ya kutazama na kutazama umeandikwa kwenye laini na kampuni, kuanzia dakika 6 hadi saa 8. Ndiyo sababu unaweza kufika kijijini kwenye mnara wako mwenyewe na simu ikaendelea kwa muda kuonyesha jina la jirani. Hakuna haja ya kuizima, ingawa kuizima na kuiwasha kunaweza kuiharakisha.

Nimesema habari za chaji, na hili ni jambo zito kwa nyumba isiyo na umeme. Simu ya mtandao wa 2G kwenye masafa ya 900 inaweza kurusha hadi wati 2, lakini mnara ulio karibu huiamuru ipunguze. Mbali na mnara hurusha kwa nguvu zote. Na inapokosa mtandao kabisa hutafuta, hutafuta tena, na utafutaji huo hula betri. Kitochi kinachokaa wiki nzima Singida mjini kinaweza kuzimika mapema kikiwa mfukoni mwa mchungaji Wembere bila kupigwa hata simu moja. Mchungaji wa namna hiyo afadhali aizime simu na kuiwasha kwa saa alizokubaliana na watu wa nyumbani.

Umbali nao una mpaka wake, na ni mpaka wa saa kuliko wa nguvu. Katika 2G, mnara huipa kila simu zamu yake fupi ya kuzungumza, na sauti ya simu iliyo mbali huchelewa kufika. Mfumo uliruhusu ucheleweshaji wa kiasi fulani tu, ambao ni sawa na kilomita 35. Kwenye tambarare kama Wembere, ambako hakuna mlima wa kuzuia mawimbi, simu inaweza kuusikia mnara vizuri, vijiti vikaonekana, na bado ikashindwa kuupigia kwa kuwa iko kilomita 40. Kuna minara iliyopangwa maalumu kupita umbali huo, lakini ile ya kawaida hukomea hapo.

Kuna na kosa la macho. Mtu huona mnara kijijini na kuuliza kwa nini laini yake haisomi. Chuma siyo mtandao. Minara mingi ya Tanzania leo haimilikiwi na kampuni za simu. Helios Towers, kwa mfano, ilinunua minara ya Tigo mwaka 2010 na ya Vodacom miaka michache baadaye, na hukodisha nafasi kwa kampuni yoyote itakayolipa. Mnara mmoja unaweza kubeba mitambo ya kampuni tatu, au ya moja tu. Kampuni kupanga chumba kwenye mnara ni biashara ya vyuma na umeme. Kumpokea mteja wa jirani ni rominga, nayo haihitaji chuma kipya. Inahitaji mkataba na mabadiliko kwenye mitambo.

Na mikataba ya namna hiyo si ndoto hapa kwetu. Zantel ilianza Zanzibar, na katikati ya miaka ya 2000 ilipoingia bara ikiwa na minara michache, wateja wake walihudumiwa na minara ya Vodacom kwa makubaliano ya rominga ya ndani. Kampuni mbili zilizokuwa zikigombea wateja walewale zilikubaliana bei, na simu za wakati ule zikaitika bila kubadilishwa chochote. Septemba 2006 Celtel ilikwenda mbali zaidi. Ilifuta mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa wateja wake: ulipiga kwa bei za wenyeji, ulipokea bure, uliongeza vocha ya nchi uliyomo. Dunia ilikuwa haijaona jambo kama hilo, na lilianzia Afrika Mashariki, juu ya vitochi. Baadaye serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za rominga kati yao, kuanzia mwishoni mwa 2014. Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la mwanzo, na madereva wanaopita Singida waliihisi tofauti hiyo mfukoni.

Wanaoihisi hadi sasa ni wale wasiojua simu inayopigwa inavyosafiri. Mke aliyeko Manyoni akimpigia mumewe aliyeko Kigali, simu huenda kwanza kwa kampuni ya mume Tanzania, kisha kampuni huisafirisha hadi Rwanda, na kipande hicho cha pili hulipiwa na anayepokea. Madereva wawili wenye laini za Tanzania, wamekaa meza moja Kigali, mmoja akimpigia mwenzake, sauti huja hadi Tanzania na kurudi. Kutuma ujumbe mfupi ni nafuu zaidi mara nyingi, na kuupokea kwa kawaida ni bure. Kwa simu janja ya zamani, jambo la kwanza kabla ya mpaka ni kuzima data ya rominga, kitufe kilicho chini ya mitandao ya simu. Ukiona herufi R ndogo kando ya vijiti, uko kwa mwenyeji.

Huduma za pesa zina ugumu wake wa pekee, ambao sijaona ukielezwa kwa watumiaji. Kanuni za kimataifa za GSM zilizigawa namba za nyota na reli. Zinazoanzia 100 hadi 149 zilitengwa kwa mtandao wa nyumbani: popote ulipo, mwenyeji anatakiwa kuzirudisha kwenu. Zinazoanzia 150 hadi 199 ziliachwa kwa mtandao unaokuhudumia wakati huo. M-Pesa ya Vodacom ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#. Zote ziko upande wa mwenyeji. Kampuni zinaweza kukubaliana kuzirudisha nyumbani, lakini lazima zikubaliane. Rominga ya ndani ikija bila kulitatua hilo, mkulima wa Ikungi ataweza kupiga simu kupitia mnara wa jirani na asiweze kumlipa mwenye pikipiki.

Kuna simu moja isiyodai mkataba. Ukibonyeza 112, mnara wowote unaosikika unapaswa kuibeba, wa kampuni yoyote, na hicho ndicho kilichomaanishwa na yale maandishi ya dharura tu kwenye simu ya abiria wa Kiomboi. Mitambo ya jirani inamsikia. Redio zinaelewana. Kinachowatenganisha ni karatasi.

Tarehe 13 Mei 2023 mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku. Fedha za umma zimo ndani ya chuma hicho, na kwa hiyo wananchi wana haki ya kuuliza maswali ambayo mteja wa kawaida hawezi kuuliza. Kijiji kikiambiwa mnara unakuja, katika mkutano mkuu waulizwe wahusika: utakuwa na 2G, au ni 4G tu ambayo kitochi hakiioni? Utarusha mtandao wa kampuni ngapi? Na laini za kampuni ambazo hazitakuwepo zitapokelewa kwa rominga, pamoja na huduma zao za pesa, kuanzia tarehe gani? Mtendaji wa kijiji aandike majibu kwenye muhtasari, na jina la aliyeyatoa.